Mkubwa hajaacha ziwa na mdogo yuko njiani: umwachishe, au uwanyonyeshe wote wawili?

Nimezaa mara 3, na njia zote mbili nimezipita. Kifungua mimba wangu nilimwachisha ziwa ndani ya wiki 1, mara tu nilipojua nina mimba ya mdogo wake. Alikuwa na mwaka na miezi 4. Wa pili sikumwachisha. Mimba ya tatu ilimkuta na miezi 20, akanyonya mimba nzima, na mwenzake alipozaliwa wakagawana titi kwa miezi 9.

Mimba ile ya kwanza kunikuta nanyonyesha haikuwa kwenye hesabu. Nilikuwa nimesikia kwamba anayenyonyesha hashiki mimba, na sikujua kwamba maneno hayo yana masharti 3 yanayokwenda pamoja: mtoto awe hajafikisha miezi 6, awe ananyonya maziwa ya mama matupu usiku na mchana, na hedhi iwe haijarudi. Sharti moja likivunjika, kinga imekwisha. Mimi yalikuwa yamevunjika yote matatu na bado nilikuwa najiamini.

Kabla sijaanza kupima njia moja na nyingine, tuliweke kando swali ambalo kila mtu huliuliza kwanza: maziwa yatawatosha wawili? Kwa mama anayekula na kunywa vizuri, yatawatosha. Titi si mtungi unaojazwa asubuhi ukaisha jioni. Linatengeneza kadiri linavyonyonywa, ndiyo maana wapo akina mama wanaowalea mapacha kwa maziwa yao wenyewe. Swali lililonielemea mimi, na ambalo hakuna aliyeniuliza, ni jingine: nani atanipikia? Nitalirudia.

Anza na umri wa mkubwa

Mtoto wa miezi 8 na mtoto wa miaka 2 na nusu wote tunasema "bado ananyonya", lakini kunyonya kwao hakufanani hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya miezi 6 na 12 maziwa ya mama yanaweza kumpa mtoto nusu au zaidi ya nguvu anazohitaji mwilini, na kati ya mwaka 1 na 2 yanampa karibu theluthi. Kwa hiyo ukimtoa ziwani mtoto wa miezi 8 umemwondolea nusu ya chakula chake. Ukimtoa wa miaka 2 na nusu anayekula wali na samaki kama mtu mzima, umemwondolea zaidi kitulizo kuliko chakula.

Chini ya mwaka 1, kwangu mimi hakuna mjadala mrefu: aendelee. Lakini hata akiendelea, jua kwamba mimba itapunguza maziwa (nitaeleza mbele), hivyo atahitaji maziwa mengine pia, na yapi na kiasi gani ukaulize kliniki, siyo dukani. Zaidi ya miaka 2, fanya roho inavyotaka. Hakuna utakalomdhulumu mtoto ukimtoa taratibu, na hakuna ubaya ukimwacha. Vita vyote vipo katikati, mwaka 1 hadi 2, na humo ndimo watoto wangu wote wawili walimokuwa.

Neno "kubemenda", na lililompata kifungua mimba wangu

Pwani na bara, mama akishika mimba huku ananyonyesha ataambiwa anambemenda mtoto. Maziwa yameharibika, yana joto la mimba, mtoto atakonda, nywele zitageuka nyekundu, tumbo litajaa, miguu italegea. Mama mkwe wangu alinifuata jikoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, usinibemendee mjukuu wangu. Mtoe leo leo."

Nikasema, "Sawa, mama." Nikamtoa.

Alilia siku 4. Kisha akanyamaza, nikadhani tumeshinda. Lakini chakula alikuwa anakigusa na kukiacha. Alichokubali ni uji mweupe wa sembe wenye sukari, nami nilimpa huo kwa kuwa angalau ulikuwa unashuka. Mwezi uliofuata mstari wake kwenye kadi ya kliniki ulikuwa umelala. Nesi akamzungushia mkononi ule utepe wa rangi, ukasoma njano, maana yake mkono una kati ya sentimita 11.5 na 12.5, dalili ya utapiamlo wa kadiri. Hakuniuliza kama nimembemenda. Aliniuliza, "Tangu umtoe ziwa, umemwekea nini badala yake?"

Sikuwa na jibu.

Miaka mingi kabla yangu, daktari Cicely Williams alikuwa anatibu watoto wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Mwaka 1935 aliandika katika jarida la kitabibu la Lancet kuhusu ugonjwa ambao Waga, kabila la huko, walikuwa na jina lake: kwashiorkor, ugonjwa unaompata mtoto mwenzake anapozaliwa na yeye akatolewa ziwani. Kwa Kiswahili tunauita unyafuzi. Nywele zinapauka na kuwa nyekundu, miguu inavimba, tumbo linajaa, mtoto anakuwa mnyonge. Tazama tena orodha ya dalili za kubemendwa. Bibi zetu macho yao yaliona sawasawa, ila mwizi waliyemkamata siye. Maziwa ya mjamzito hayageuki sumu. Mtoto huanguka kwa sababu ziwa limeondolewa ghafla na bakuli lake likajazwa uji mtupu.

Kwa Waislamu wenzangu, nilikwenda kuuliza pia. Suratul Baqara, aya ya 233, inataja miaka 2 kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na inaruhusu kumwachisha kabla ya hapo kwa kuridhiana na kushauriana baba na mama. Na ipo hadithi katika Sahih Muslim kwamba Mtume alifikiria kuikataza ghila, jambo ambalo wanazuoni wengine wanalifasiri kuwa ni kumwingilia mke anayenyonyesha na wengine kuwa ni kunyonyesha ukiwa mjamzito, kisha akaona Warumi na Waajemi wanafanya hivyo wala watoto wao hawadhuriki. Nilimsomea mume wangu, mume wangu akamsomea mama yake. Mimba ya tatu ilipokuja, mama mkwe alinitazama tu, akaguna.

Miezi ya mimba yenyewe

Hapa, ukweli usemwe, kumwachisha kuna raha yake. Chuchu za mjamzito zinauma hata zikiguswa na kanga. Ukiwa umemtoa mkubwa, unalala chali, unatapika kwa amani, mwili unakuwa wako.

Ukiendelea, kuanzia mwezi wa 4 au wa 5 homoni za mimba zinapunguza maziwa, upende usipende, unywe supu ya pweza au usinywe. Ladha nayo inabadilika. Watoto wengi huacha wenyewe wakati huo, kwa hiyo huenda ukahangaika na uamuzi ambao mtoto ataufanya kwa niaba yako. Wangu hakuacha. Alikuwa ananyonya kavu, na kunyonywa kavu ni kero ambayo sijapata kuisikia ikisemwa waziwazi. Si maumivu tu. Ni hasira inayopanda kutoka miguuni, unatamani kumsukuma mtoto wako mwenyewe, halafu unajiona katili. Niliwaza nimerogwa. Baadaye nikajua huwapata wengi na si dalili kwamba humpendi mtoto. Kilichonisaidia ni kuhesabu: "Nyonya mpaka mama afike 20." Kuna siku nilihesabu mbio kama kondakta anayekusanya nauli.

Kisha ipo hofu ya mimba kuharibika. Kunyonya hutoa homoni iitwayo oksitosini, na homoni hiyohiyo ndiyo inayobana mfuko wa uzazi wakati wa uchungu. Hofu hiyo ina msingi. Ila katika mimba isiyo na matatizo, mfuko wa uzazi hauiitikii sana homoni hiyo mpaka siku za kujifungua zikaribie, ndiyo maana wataalamu hawamkatazi mama mwenye mimba salama. Wapo wanaotakiwa kuacha, au angalau kusimama mpaka wazungumze na daktari: aliyetokwa na damu, anayesikia tumbo linakaza na kuachia kabla ya miezi kutimia, aliyewahi kuzaa njiti, mwenye mlango wa uzazi uliolegea, mwenye mapacha tumboni, na yule ambaye kila kliniki uzito wake hausogei. Kama umo humo, funga ukurasa huu wa kulinganisha. Uamuzi wako umeshatoka kwenye hiari.

Nao wanaoishi na VVU wana hesabu yao: kinga ya mtoto inategemea dawa za mama na kiwango cha virusi mwilini mwake, na mtoto mchanga na mkubwa wake huwa na ratiba tofauti za dawa na vipimo. Kaa na mhudumu wako mpange pamoja, kabla ya kujifungua siyo baada.

Dang'a, na siku 3 za kwanza

"Mkubwa atammalizia mwenzake dang'a." Nililisikia hili hadi nikalizoea. Dang'a, yale maziwa ya mwanzo kabisa, huanza kutengenezwa mimba ikiwa katikati, na titi huendelea kuitengeneza mpaka baada ya kujifungua. Kondo la nyuma likishatoka, homoni za mimba zinashuka, na hapo ndipo maziwa mengi yanaanza safari yao. Mkubwa hawezi kuikomba akaimaliza. Ila siku hizo chache za mwanzo weka sheria moja isiyovunjwa: mdogo kwanza. Tumbo la kichanga siku ya kwanza ni dogo mno, hushiba kijiko kimoja au viwili vya chai, lakini hivyo vijiko ni haki yake. Mkubwa akishanyonya dang'a usishangae akiharisha kidogo, inalainisha tumbo.

Uzazi wangu wa pili, mkubwa akiwa ameshatoka ziwani muda mrefu, maziwa yaliingia siku ya 3 kwa fujo. Titi gumu kama nazi kavu, chuchu imezama, kichanga analia hawezi kulikamata. Nilikamua kwa mkono huku machozi yananitoka, nikaweka vitambaa vya maji baridi, nikapata na homa juu. Uzazi wa tatu ilikuwa hadithi nyingine. Mdogo alinyonya akalala, titi likabaki gumu, nikamwita kaka yake. Dakika 5 tu, titi limelainika. Kama kuna kitu kimoja ambacho kuwanyonyesha wawili kunashinda bila ubishi, ni hicho.

Malipo yake yapo. Tumbo la uzazi linaporudi mahali pake huuma, na huuma zaidi kwa aliyekwisha kuzaa mara kadhaa. Mtoto akinyonya, linabana. Wakinyonya wawili, hesabu mwenyewe. Uliza wodini dawa ya maumivu inayofaa kwa anayenyonyesha, usijikaze kisabuni.

Na utajuaje kama mdogo hapunjwi? Usimtazame mkubwa, mtazame mdogo. Anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Kuanzia siku ya 5 hivi alowanishe nepi au vitambaa 6 au zaidi kwa siku. Uzito alioupoteza siku za mwanzo, maana wote hupoteza kidogo, uwe umerudi kufikia wiki 2. Ikiwa haurudi, mkubwa anapunguziwa zamu mara moja na mdogo anatazamwa jinsi anavyoshika titi. Mzani wa kliniki ndio hakimu. Siyo mimi, wala mama mkwe.

Kuhusu namna ya kuwashika wote kwa pamoja: inawezekana, mdogo chini ya kwapa na mto umemuinua, mkubwa amepiga magoti upande wa pili. Nilifanya mara chache, nikaona ni sarakasi. Kwa kawaida walipokezana. Na usimgawie kila mmoja titi lake la kudumu. Mdogo anahitaji yote mawili, la sivyo moja litakuwa kubwa na jingine dogo, nguo zote zikukatae.

Usiku

Usiku ndio ulionishinda. Mdogo anaamka saa 6, mkubwa anasikia, naye anataka. Mdogo analala, mkubwa anaamka saa 8. Alfajiri wote wawili. Baada ya wiki 3 nilikuwa natembea kama niliyekunywa dawa ya usingizi.

Aliyemwachisha mkubwa analia naye usiku 3, 4, labda 7, kisha mambo yanatulia, na kichanga akija anaamkia mmoja. Hapo njia hiyo inashinda kwa mbali.

Lakini hapa ndipo nilipogundua kwamba kumbe si lazima uchague moja kati ya mbili. Unaweza kumwachisha usiku tu, ukambakishia mchana. Laiti ningelijua hilo katika mimba ya pili, kifungua mimba asingepita alikopita. Kwa wa pili nilichelewa, nilifanya mdogo akiwa na mwezi 1: baba yake akahamia naye chumba cha watoto, akamwekea kikombe cha maji kando, na kila akiamka ni baba anayejibu, siyo mama. Usiku wa kwanza nyumba nzima haikulala. Usiku wa 5 alilala mpaka asubuhi. Titi la mchana likabaki: akiamka, na kabla ya kulala jioni. Basi. Ukiniuliza njia ninayompa mdogo wangu au shoga yangu, ni hii, na ianze mimba ikiwa na miezi 5 au 6, ili mkubwa asimhesabu kichanga kuwa ndiye aliyemfukuza kitandani.

Sufuria

Mama anayenyonyesha mtoto mmoja maziwa matupu anahitaji karibu kilokalori 500 za ziada kila siku, yaani kama sahani moja zaidi ya ugali na maharage, juu ya anachokula kila siku. Ukiongeza na mkubwa, sahani inaongezeka kadiri anavyonyonya.

Nilipozaa mara ya kwanza nilikaa arobaini kama malkia. Uji wa pilipili manga asubuhi, shangazi yangu aliyeolewa Moshi akanipikia mtori, samaki wa nazi jioni, sikushika hata ndoo. Uzazi wa tatu, na ndio niliokuwa nanyonyesha wawili, watu walikuja siku 3 wakaondoka: "Wewe umeshazoea." Nikawa napika mwenyewe, nawalisha wote, nakula ukoko. Mwezi wa 2 nikawa naona kizunguzungu nikiinuka. Kipimo kikaonyesha damu iko chini, mkunga akanirudisha kwenye vidonge vya kuongeza damu. Watoto walikuwa wanene wote wawili. Aliyekuwa anaisha ni mimi.

Kwa hiyo mtu akikwambia kuwanyonyesha wote ni bure, mwambie mlipaji ni mama. Kama nyumbani kuna dagaa, mayai, maharage, mboga na mtu wa kukusogezea sahani, unaweza. Kama wewe ndiye wa mwisho kula na wa kwanza kuamka, mwili wako utatoa maziwa kwanza na kukuachia mabaki.

Upande wa pili nao una gharama yake. Mtoto wa mwaka 1 na zaidi aliyetolewa ziwani anahitaji maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, yai, samaki au maharage, mafuta kidogo kwenye chakula, na mlo mara 3 au 4 pamoja na vitu vya katikati kama parachichi au ndizi. Hesabu hiyo kwa mwezi. Wapo watakaoona ni nafuu kumlisha mtoto, wapo watakaoona ni nafuu kumlisha mama akamnyonyesha mtoto. Kwangu ilikuwa ya pili, kwa sababu maziwa ya ng'ombe mtaani kwetu ni nusu maji.

Wivu

Nilisoma kwamba watoto wakinyonya pamoja wanapendana. Kwenye picha wameshikana mikono juu ya kifua cha mama. Wangu walipigana mateke. Mkubwa alikuwa anausukuma utosi wa mwenzake na kusema "Langu!", nami naokoa kichwa cha mmoja na hisia za mwingine.

Lakini nikimlinganisha na kifungua mimba, tofauti ilikuwepo. Yule, baada ya kutolewa ziwa, tulimpeleka kwa mama yangu Muheza wiki 2, kama desturi. Aliporudi hakunijia. Alisimama nyuma ya bibi yake ananitazama kama mgeni. Kwa akili yake alikuwa amenyang'anywa titi na mama siku moja. Mdogo wake alipozaliwa alimng'ata kidole mpaka damu. Sisemi kila aliyeachishwa hung'ata. Wapo wanaopokea wadogo zao kwa ngoma na vigelegele. Nasema tu kwamba yule wa pili alisukuma utosi, lakini akishamaliza alikuwa anauliza, "Na mtoto keshashiba?"

Ukichagua kumwachisha

Usitumie pilipili. Inachoma mdomo na macho, na mtoto hana kosa. Shubiri nilijaribu mimi mwenyewe. Kifungua mimba alionja, akakunja uso, akachukua ncha ya kanga yangu, akafuta, akaendelea. Nilicheka huku nalia.

Ondoa zamu moja ya kunyonya kwa wakati, ukianza na ile asiyoijali sana, kwa kawaida ya mchana. Subiri siku 3 au 4 titi lizoee, ondoa nyingine. Usimpe bila kuomba, na akiomba usimfokee, mpe kitu kingine au toka naye nje. Usikae mahali unapokaa siku zote kumnyonyesha. Ya kulala ibakie ya mwisho, na ikiwezekana baba ndiye amlaze. Ukienda hivyo hata titi lako litakushukuru, maana kukata ghafla huleta uvimbe, na uvimbe ukipuuzwa huwa jipu.

Fanya angalau miezi 2 kabla ya kujifungua. Usifanye wiki anayoumwa, wala wiki mnayohama nyumba. Chakula cha kuziba pengo kianze kabla ya ziwa kuondoka, siyo baada. Hili ndilo nesi alilokuwa ananiuliza. Na kichanga akija mkubwa akaomba tena kuonja, mwache aonje. Wengi wameshasahau namna ya kunyonya, wanalamba, wanacheka, wanakwenda kucheza.

Kazini

Kwa ufupi, kwa sababu sheria haijali una wangapi titini. Tanzania likizo ya uzazi kwa aliyeajiriwa ni siku 84, na 100 ukizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mkupuo. Ukirudi, mwajiri anatakiwa kukupa kila siku muda wa kunyonyesha usiozidi jumla ya saa mbili. Kenya ni miezi 3. Mwenye genge au mama ntilie hana likizo ya mtu, anarudi siku miguu inapomruhusu. Katika hali zote hizo mkubwa si mzigo: mchana anakula chakula, ananyonya asubuhi na jioni. Anayekamuliwa maziwa na kuachiwa kikombe ni mdogo. Watu hufikiri kunyonyesha wawili na kazi haviendi pamoja. Mimi niliona kinachokwamisha ni kichanga peke yake, awe na kaka yake titini au asiwe naye.

Ningekuwa mimi ni wewe

Mkubwa chini ya mwaka: ningeendelea, na kliniki kila mwezi bila kukosa. Mkubwa wa mwaka 1 hadi 2, nyumbani kuna msaada na sufuria inachemka: ningemkata usiku, ningembakishia mara 2 za mchana, ningewapokea wote wawili. Umri huohuo lakini uko peke yako, damu iko chini, hulali: ningemwachisha taratibu bila kumsikiliza mtu anayesema mama mzuri ni yule wa kunyonyesha wote, maana nao siku hizi wapo, na wanaumiza sawasawa na wale wa kubemenda.

Wa pili wangu aliacha mwenyewe akiwa na miaka 3. Haikuwa siku ya kukumbukwa. Jioni moja nilikuwa namnyonyesha mdogo, nikamwambia zamu yake imefika. Alikuwa ameshika mhogo wa kukaanga. Aliutazama mhogo, akanitazama mimi, akaniambia nimpe mtoto.